Alitoa Aliposhindwa: Barua ya Wazi kwa Walimu Vijana wa Historia

Wanangu walimu,

Nawasalimu nyote, mlioko mjini na mlioko kwenye shule ambazo chaki bado inagawiwa kwa kuhesabu. Mimi nilishastaafu, lakini wengi wenu hamjaacha kuniletea maswali mliyotunga na majibu ya wanafunzi wenu ili niyapitie. Ahsanteni. Sasa kuna jibu moja linalojirudia mno, tena nimelikuta hata kwenye mihtasari mliyoiandika wenyewe. Badala ya kumwandikia kila mmoja pembeni kwa kalamu nyekundu, nimeona niwaandikie wote hadharani.

Jibu lenyewe ni hili: Kaisari Franz Joseph wa Austria alitawala karibu miaka 68, akayaweka pamoja mataifa mengi kwa hekima na uvumilivu wake, alipofariki Novemba 1916 dola ikakosa wa kuishika, na kufikia Novemba 1918 ikavunjika. Mwanafunzi akiandika hivyo mnampa alama zote. Mimi ningempa nusu, kisha ningemwita mwalimu wake.

Tarehe zote hapo ni sahihi. Kinachokosekana ni swali dogo: ndani ya hiyo miaka 68, mzee huyu alifanya nini, na alikifanya wakati gani? Kukaa kitini muda mrefu ni habari ya afya ya mtu. Historia huanza tunapouliza alitoa nini, alimpa nani, na mkono wake ulikuwa na nguvu gani alipokitoa.

Anzeni na siku yenyewe aliyotawazwa, maana mengi yamo humo. Ilikuwa tarehe 2 Desemba 1848, mjini Olmütz, huko Moravia, mji ambao leo ni Olomouc katika Jamhuri ya Cheki. Kwa nini Olmütz na si Vienna? Kwa sababu mwaka huo mapinduzi yalikuwa yamezagaa Ulaya nzima. Metternich, waziri aliyeogopwa kwa miongo, alikuwa ametoroka tangu Machi, na jamaa ya kifalme nayo ikahama mji mkuu. Kijana aliyepiga magoti kupokea ukaisari alikuwa na miaka 18. Baba yake mkubwa, Kaisari Ferdinand, alijiuzulu. Baba yake mzazi, Franz Karl, ambaye zamu ilikuwa yake, alishawishiwa na mkewe Sophie aipishe.

Sasa waulizeni wanafunzi: haraka ya nini? Ferdinand alikuwa mgonjwa na mpole, ni kweli, lakini alikuwa mgonjwa na mpole tangu siku ya kwanza na hakuna aliyemwondoa. Tatizo lilikuwa kwamba mwaka ule alikuwa ametia saini sheria za kuwapa Wahungaria serikali yao wenyewe. Waliomzunguka, Mwanamfalme Schwarzenberg akiwa mbele yao, walitaka sheria hizo zifutwe, na njia nyepesi ilikuwa kumleta mtu ambaye hakuwa ameahidi chochote. Kwa hiyo Franz Joseph aliwekwa kitini ili ahadi za mtangulizi wake zipate kuvunjwa. Mwanafunzi akilijua hilo, miaka 68 iliyofuata ataisoma kwa jicho jingine.

Na kuna jambo ambalo sijaliona katika mihtasari yenu hata mmoja. Majira ya baridi yale yale, katika mji mdogo wa Kremsier, wabunge waliochaguliwa na watu wa sehemu za dola nje ya Hungaria na Italia walikuwa wamekaa wakiandika katiba. Walikuwamo Wajerumani, Wacheki, Wapolandi, Waslovenia na wengineo. Wakabishana, wakagombana, lakini wakaelewana: majimbo ya kihistoria yabaki, ndani yake pawe na wilaya zitakazofuata lugha za wakazi, na mataifa yote yawe na haki sawa. Mara chache sana mataifa yale yalikaa meza moja na kupatana yenyewe kwa yenyewe. Machi 1849 askari walifunga ukumbi, wabunge wakatawanywa, baadhi wakakamatwa. Serikali ikatangaza katiba yake yenyewe, na hiyo nayo Kaisari akaifuta tarehe 31 Desemba 1851.

Mniwie radhi nikilikazia hili. Watu husema dola ile ilikuwa na mataifa mengi kiasi kwamba haikuwezekana kupatanishwa. Kremsier ni ushahidi kwamba iliwahi kupatana, walau kwenye karatasi na walau nusu yake, na kwamba aliyeyakataa mapatano hayo alikuwa na nguvu ya kuyakubali.

Hungaria nayo ilizimwa kwa mtutu. Nguvu za Kaisari kijana hazikutosha, kwa hiyo alimwomba Nicholas wa Kwanza, Tsar wa Urusi, amletee jeshi. Wahungaria walisalimu amri Agosti 1849. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo majenerali 13 waliuawa katika mji wa Arad, na siku hiyo hiyo Lajos Batthyány, aliyekuwa waziri mkuu wa Hungaria, akapigwa risasi huko Pest. Ndivyo alivyoanza. Ndevu nyeupe za mashavuni na uso wa babu mtaratibu, mnazoziona kwenye picha, zilikuja baadaye sana. (Na fadhila ya Mrusi hakuilipa. Vita vya Crimea vilipozuka alikataa kumsaidia, na Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo, haikumsahau.)

Basi akatawala peke yake, bila Bunge na bila katiba, kwa karibu miaka kumi. Kisha madeni yakaanza kuiva.

Mwaka 1859 aliingia vitani na ufalme wa Sardinia na Ufaransa kwa ajili ya ardhi zake za Italia. Tarehe 24 Juni, huko Solferino, aliliongoza jeshi mwenyewe na akashindwa. (Uwanja ule wa maiti na majeruhi ndio uliomshtua Henri Dunant, mfanyabiashara wa Geneva aliyekuwa akipita, na kutokana na mshtuko wake tukapata Msalaba Mwekundu. Waambieni wanafunzi, watakumbuka vita kwa sababu hiyo.) Akaipoteza Lombardia. Hazina ikiwa tupu na wakopeshaji wakiwa na mashaka, ndipo akaona kwamba Bunge si kitu kibaya kiasi hicho: Oktoba 1860 akatoa hati moja, Februari 1861 akatoa nyingine, na mabaraza yakarudi kidogo kidogo.

Mwaka 1866 akapigana na Prusia, dola kubwa ya Kijerumani ya kaskazini. Tarehe 3 Julai, Königgrätz katika Bohemia, nchi ya Wacheki, Waprusia walimvunja kabisa. Akatolewa katika mambo ya Ujerumani ambamo ukoo wake ulikuwa umetamba kwa karne nyingi, na Venezia ikaenda Italia. Mwaka uliofuata akapatana na Wahungaria.

Mnaona mfuatano? Alipigwa Solferino, akatoa Bunge. Alipigwa Königgrätz, akaipa Hungaria serikali. Mdaiwa asiyelipa mpaka ashikwe shati huwafundisha wadai wengine wote jambo moja, nalo ni kushika shati. Wacheki, Wakroatia, Waserbia na Waromania walikuwa wakitazama. Walijifunza kwamba katika dola ile hoja nzuri haikupi kitu. Kinachokupa ni Kaisari kuwa amebanwa.

Mapatano ya 1867 yafundisheni polepole, msiyapite kwa mstari mmoja. Upande wa Hungaria yalisukwa na Ferenc Deák, mwanasheria mtulivu mwenye subira ya ajabu, na Gyula Andrássy, ambaye baada ya mapinduzi ya 1848 alikuwa amehukumiwa kunyongwa akiwa uhamishoni na sasa akawa waziri mkuu. Dola ikagawanywa nusu mbili. Kila nusu ikawa na Bunge lake na serikali yake. Vya pamoja vikabaki vitatu: mambo ya nje, jeshi, na fedha za kuendeshea hivyo viwili. Mambo ya biashara, ushuru na mgawanyo wa gharama yalipaswa kujadiliwa upya kila baada ya miaka kumi, kwa hiyo kila miaka kumi nyumba nzima iligombana. Tarehe 8 Juni 1867 Franz Joseph akavikwa taji la Mtakatifu Stefano huko Buda. Akapanda farasi juu ya kilima kilichotengenezwa kwa udongo ulioletwa kutoka sehemu zote za Hungaria, akauelekeza upanga wake pande nne za dunia na kuapa kuilinda nchi hiyo. Alikuwa sasa Kaisari kwa Austria na Mfalme kwa Hungaria, mtu mmoja na viapo viwili.

Je, yalikuwa mapatano mabaya? Kwa Wahungaria hapana. Budapest ilikua ikawa mji mkubwa wa fahari, reli zikatambaa, na nchi iliyouliwa majenerali wake ikawa mshirika. Lakini hesabuni nani hawakuitwa mezani. Wahungaria wenyewe walikuwa karibu nusu tu ya wakazi wa ufalme wao. Waliobaki, Waslovaki, Waromania, Waserbia, Warutheni, waliwekwa chini yao bila kuulizwa, na Wakroatia wakapewa mapatano madogo ya kwao mwaka 1868. Katika nusu ya Austria, Waslavi walikuwa wengi kuliko Wajerumani, nao waliletewa jambo lililokwisha kuamuliwa. Na katika Hungaria haki ya kupiga kura ilibaki kwa watu wachache sana, chini ya 10 katika kila wakazi 100, mpaka dola inakufa.

Na hapa ndipo pana mzizi wa maneno yangu yote. Mapatano yale yakawa mlango uliofungwa kwa ndani. Kila marekebisho baada ya hapo yaligusa kitu ambacho Wahungaria walikuwa wameapiwa, na mwapaji alikuwa mtu wa viapo.

Mfano wake mchungu ni wa 1871. Safari hii hakuwa ameshindwa vita yoyote karibuni. Waziri wake mkuu, Hohenwart, alitengeneza mpango wa kuipa Bohemia hadhi yake ndani ya nusu ya Austria. Septemba mwaka huo Kaisari alitoa tamko akiitambua haki ya ufalme wa Bohemia na kusema yuko tayari kuithibitisha kwa kiapo cha kutawazwa. Prague ilishangilia. Kisha Wajerumani wa Austria wakapiga kelele, Andrássy akapinga kwa niaba ya Wahungaria, na kabla Oktoba haijaisha Kaisari akarudi nyuma na Hohenwart akaondoka. Hakuvikwa taji Prague mwaka huo, wala mwaka mwingine wowote katika miaka 45 aliyobakiza kuishi. Mwalimu anayetaka kujua kwa nini Wacheki walifurahia sana Oktoba 1918 asianze na Vita Kuu; aanze hapo.

Baada ya 1871 utawala ukawa wa kuahirisha. Sitawachosha na mawaziri wakuu wote, walikuwa wengi na wanafunzi huwachanganya. Chukueni mmoja tu, Kabaila Badeni. Mwaka 1897 aliagiza kwamba watumishi wa serikali katika Bohemia wajue lugha zote mbili, Kijerumani na Kicheki. Wacheki wengi wasomi walizijua zote mbili. Wajerumani wengi hawakujua Kicheki wala hawakutaka kukijifunza. Bungeni Vienna wabunge wa Kijerumani wakakwamisha vikao kwa makelele, kwa kugonga madawati, na kwa kurushiana vidau vya wino. Polisi wakaingia ukumbini kuwatoa waheshimiwa. Barabarani kukawa na fujo, na mwisho wa Novemba Kaisari akamfukuza Badeni. Tangu hapo mara nyingi serikali za Vienna zilitawala kwa amri za dharura badala ya sheria za Bunge.

Wenzenu watawaletea hoja ya 1907, na ni hoja yenye uzito. Mwaka huo nusu ya Austria ilipata haki ya kupiga kura kwa wanaume wote, na Franz Joseph mwenyewe aliisukuma hata pale wakubwa walipoipinga. Hakuwa ametoka kushindwa vitani. Je, hiyo haivunji kanuni yangu? Naona inaipinda tu. Wazo la kura kwa wote alilitumia kwanza mwaka 1905 kama fimbo ya kuwatishia wanasiasa wa Hungaria waliokuwa wakimsumbua kuhusu jeshi. Walipotulia, fimbo ikawekwa chini na Hungaria ikabaki na kura za wachache. Upande wa Austria, mapinduzi ya Urusi ya 1905 yalikuwa yamewasha moto jirani na wafanyakazi wa Vienna walikuwa barabarani. Hata hivyo nampa haki yake: alipokubali, alikubali kweli. Bunge jipya lenye viti 516 likachaguliwa. Likakuta ugomvi wa lugha uko pale pale.

Nisije nikaonekana namsakama marehemu. Alikuwa mchapakazi kupita kiasi. Aliamka kabla ya alfajiri, akalala kwenye kitanda cha chuma kama askari, na mezani pake mafaili hayakuisha. Siku za hadhara alipokea watu wa kila aina, mmoja baada ya mwingine, akiwa wima. Wayahudi wa Vienna walimwona kuwa ngao yao, na hawakukosea: Karl Lueger, mwanasiasa aliyejijenga kwa kuwachochea watu dhidi ya Wayahudi, alipochaguliwa kuwa meya, Kaisari alikataa kumthibitisha mara kadhaa kabla ya kusalimu amri mwaka 1897. Na walimu Waislamu wenzangu mtapenda kujua kwamba mwaka 1912, kwa sababu ya Waislamu wa Bosnia waliokuwa chini ya dola hiyo, Austria ilitunga sheria ya kuutambua Uislamu wa madhehebu ya Hanafi. Vikosi vya Bosnia vilivaa tarbushi na kuwa na maimamu wao. Mambo hayo yafundisheni, maana siku hizi kuna watu wa kuieleza dola ile kama jela ya mataifa tu, na wengine wa kuieleza kama pepo iliyopotea. Mtu aliyeishi Vienna mwaka 1910 asingeitambua nchi yake katika maelezo yoyote kati ya hayo mawili.

Lakini uchapakazi wa mafaili una ubaya wake. Anayesoma kila karatasi mwenyewe hupata shida kuamini kwamba kuna jambo lisilokuwa katika karatasi. Naye hakutaka warithi wamkaribie.

Mwanawe wa pekee wa kiume, Rudolf, alikuwa na akili na mawazo ya kisasa, akiandika makala magazetini bila kutaja jina lake kwa sababu nyumbani hakusikilizwa. Hakupewa kazi yoyote ya maana ya utawala. Jina lake huku kwetu lilifika kabla ya habari za kifo chake. Mwaka 1887 Kabaila Sámuel Teleki wa Hungaria, pamoja na mwanamaji Ludwig von Höhnel, waliondoka Pangani na msafara wa wapagazi wa pwani, na Machi 1888 wakafika kwenye ziwa kubwa la kaskazini ambalo wenyeji walilijua tangu zamani. Wakaliita Rudolf, na jingine dogo la jirani wakaliita Stefanie kwa jina la mke wake. Januari 1889, huko Mayerling, Rudolf alikutwa amekufa pamoja na msichana Mary Vetsera. Kenya iliendelea kuliita ziwa lile kwa jina la mrithi asiyerithi mpaka 1975, lilipoitwa Turkana.

Baada ya Rudolf, zamu ikamfikia mtoto wa ndugu wa Kaisari, Franz Ferdinand. Hawakupendana. Mwaka 1900 aliruhusiwa kumwoa Sophie Chotek kwa sharti la kuapa kwamba watoto wao hawatarithi kiti. Akajikusanyia washauri wake katika jumba la Belvedere, na hao walichora mipango ya kuugusa ule mlango wa 1867, kwa maana Franz Ferdinand hakuwapenda wakubwa wa Hungaria hata kidogo. Sidai kwamba angefaulu. Ninachotaka mkione ni hali ya nchi: Belvedere wanangoja mzee afe, Wahungaria wanaomba asife, mawaziri hawaanzishi jambo kubwa maana atakayelimaliza ni mwingine. Mtu wa miaka 60 mwaka 1914 hakuwa amewahi kuishi chini ya Kaisari mwingine. Nchi nzima ilikuwa imeshika pumzi, na nyinyi mnaliita hilo utulivu.

Tarehe 28 Juni 1914 Franz Ferdinand na mkewe wakauawa Sarajevo na kijana Mserbia wa Bosnia, Gavrilo Princip. Mrithi wa pili akawa ameondoka, na safari hii pamoja naye mmoja wa wakubwa wachache waliokuwa wakimzuia jemadari Conrad von Hötzendorf asianzishe vita na Serbia.

Fuatilieni sasa jinsi vita ilivyoamuliwa. Barua ya Kaisari ilipelekwa Berlin, na tarehe 5 Julai Wilhelm, Kaisari wa Ujerumani, akaahidi kumuunga mkono kwa lolote. Tarehe 7 Julai mawaziri wa pamoja walikaa Vienna chini ya Kabaila Berchtold, waziri wa mambo ya nje, na Kaisari hakuwa katika kikao. Siku hizo alirudi Bad Ischl, kwenye makazi yake ya mapumziko milimani. Waziri mkuu wa Hungaria, István Tisza, alipinga kwanza, kisha akakubali. Tarehe 23 Julai Serbia ikapewa masharti yenye saa 48. Tarehe 28 Julai, hapo hapo Ischl, mzee wa karibu miaka 84 akatia saini tangazo la vita. Katika ilani yake kwa mataifa yake aliandika kwamba ameyachunguza na kuyapima yote.

Na Bunge la Vienna, lile lenye viti 516 na kura za wanaume wote, lilisema nini? Halikusema kitu. Lilikuwa limefungwa tangu Machi 1914 na waziri mkuu Karl von Stürgkh, kwa sababu ya ugomvi ule ule wa Wacheki na Wajerumani, na Kaisari alikuwa ameridhia. Jengo lake likageuzwa hospitali ya majeruhi. Mataifa ya Austria yalipelekwa vitani bila mbunge wao hata mmoja kuinua mkono. Kwa hiyo msiandike tena kwamba vita ndiyo iliyowavunja moyo raia waliokuwa waaminifu. Walienda, wengi wao, kwa uaminifu wa kushangaza, na walipigana kwa miaka minne. Ni serikali ambayo haikuwaamini kiasi cha kuwauliza.

Moto uliowashwa Ischl uliwafikia babu zetu upesi. Agosti mwaka huo mizinga ya Waingereza ilipiga Dar es Salaam, Novemba palipiganwa Tanga, na maelfu kwa maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki wakabebeshwa mizigo ya majeshi mpaka wakafia njiani. Mnapofundisha vita hiyo kama habari ya hapa kwetu, na 1867 kama habari ya Ulaya ya mtihani mwingine, mnakata uzi mmoja vipande viwili.

Ya vita yenyewe nayapita haraka: Galicia 1914, ngome ya Przemyśl kuanguka Machi 1915, Brusilov na Warusi wake mwaka 1916. Linalotuhusu zaidi ni mkate. Vienna ilikufa njaa huku Hungaria ikishikilia nafaka zake, kwa kuwa mambo ya chakula yalikuwa ya kila nusu kivyake. Mapatano yaliyotakiwa kuiokoa dola yakaigawa hata unga. Tarehe 21 Oktoba 1916 Friedrich Adler, msoshalisti, alimpiga risasi Stürgkh akiwa mezani anakula chakula cha mchana hotelini. Alitaka, pamoja na mengine, Bunge lifunguliwe. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 21 Novemba, Franz Joseph akafariki Schönbrunn, katika jumba lile lile alimozaliwa miaka 86 nyuma. Siku ile alikuwa amefanya kazi mezani licha ya homa, na aliagiza aamshwe mapema kesho yake kwa sababu hajamaliza.

Karl, mrithi, alikuwa na miaka 29. Mihtasari yenu inamlaumu kwa udhaifu. Alifungua Bunge Mei 1917, akatafuta amani kwa siri na akaumbuka siri ilipofichuka Aprili 1918. Lakini tazameni alikuwa na nini mkononi. Kabla hata mwezi wa pili wa utawala wake haujaisha, tarehe 30 Desemba 1916, Wahungaria walimfanya avae taji Budapest na kuapa kiapo kile kile cha babu mkubwa wake. Tarehe 16 Oktoba 1918, jeshi likiwa limechoka na Wacheki na Waslavi wa Kusini wakiwa tayari wanaondoka, alitoa ilani ya kuifanya Austria kuwa shirikisho, kila taifa na eneo lake. Isomeni ilani hiyo mpaka chini. Ndani yake inasema kwamba nchi za taji la Hungaria hazitaguswa.

Wiki mbili kabla ya mwisho, dola ikiwa inakata roho, bado 1867 ilikuwa haigusiki! Waslovaki na Waromania waliokuwa chini ya Hungaria hawakuahidiwa chochote. Tarehe 28 Oktoba Prague ikajitangazia nchi, tarehe 29 Zagreb, mji wa Wakroatia, ikajitenga, na tarehe 31 Budapest ikapinduka na Tisza akauawa nyumbani kwake. Tarehe 11 Novemba Karl akatia saini ya kujitoa katika shughuli za serikali ya Austria. Na Hungaria iliyokataa kugawana ilikuja kupoteza karibu theluthi mbili za ardhi yake kwa mkataba wa Trianon wa 1920.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni la kazi ya darasani. Msiwape wanafunzi sababu sita za kukariri. Chukueni karatasi, igaweni pande mbili. Upande mmoja waandike kila jambo ambalo Franz Joseph aliwapa raia wake, na mwaka wake. Upande wa pili waandike kilichomtokea yeye mwaka huo au mwaka uliotangulia. Waacheni wabishane kuhusu 1907, na mkigundua kuna mwingine wa namna hiyo niliouruka, kama mapatano ya Moravia ya 1905 ambayo Wacheki na Wajerumani waliyafikia wenyewe katika jimbo lao, wekeni na huo. Kisha waulizeni ni mwaka gani, kwa maoni yao, mlango ulikuwa bado wazi. Mimi nasema 1849. Kuna mwenzenu mmoja anang'ang'ania 1871, na hoja zake si haba; akiwaandikia, msomeni.

Majibu mniletee kabla shule hazijafungwa. Safari hii kalamu nitakayotumia ni ya buluu.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa Historia, Tanga